Dereva Hali Wali

Mume wake alitoka msalani akichomekea shati, na Mama Redio akajua sindano imeshaingia. Hakuhitaji kuambiwa. Mwanaume akitoka chooni huangalia zipu. Huyu wake aliangalia kwanza kulia na kushoto kama mwizi wa kuku, kisha akapapasa tumbo upande wa kushoto, pale anapojichoma.

"Umeshajichoma?" akamnong'oneza.

"Si bosi amesema tunakula hapa?"

"Amesema. Sahani iko wapi?"

Nyumbani kwao sheria ilikuwa moja tu, na aliyeitunga ni mke: sahani kwanza, sindano baadaye. Chakula kikishatua mezani, kikaonekana kwa macho na kunusika kwa pua, ndipo Baba Redio anaingia chumbani na kufunga mlango. Dawa ile haina subira. Ukishaitia mwilini inaanza kutafuna sukari, na isipokuta chakula inakutafuna wewe mwenyewe. Nesi aliwapa nusu saa, na hata hiyo nusu saa aliitaja kwa kununa, kama mtu anayekopesha jirani asiyelipa. Lakini kituo cha mafuta si nyumbani, choo kilikuwa na foleni, na zaidi ya hayo yote palikuwa na Bwana Ramani.

Bwana Ramani alikuwa msimamizi wa madereva wa kampuni. Jina hilo alibandikwa na madereva wenyewe, kwa kuwa hakuna shimo barabarani asilolijua tangu lilipozaliwa. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na sauti kubwa. Siku hiyo aliwabeba kwa pikapu yake mwenyewe, safari ya kutwa, mpaka kwenye bohari ambako Baba Redio angekabidhiwa lori la tenki la mafuta. Miaka kumi na mmoja mume huyu alikuwa akiendesha malori ya saruji. Tenki lilikuwa kupanda ngazi: mshahara wa kuheshimika na nyumba ya kampuni yenye vyumba vitatu na maji ndani. Nyuma ya pikapu, chini ya turubai, yalilala magodoro yao, masufuria, na kabati la vyombo lililofungwa kamba kama mfungwa. Chumba walishamrudishia mwenye nyumba. Na jikoni kwa shule, alikokuwa akiwapikia watoto mia nne, Mama Redio alishaaga, akakabidhi funguo za stoo, akalia kidogo.

Sasa, dereva wa tenki hatakiwi kuwa na kisukari cha sindano. Kanuni hiyo ilibandikwa ukutani ofisini, juu ya kalenda. Kwa miezi minane, ukimtoa nesi, walioijua siri hii walikuwa watatu: yeye, mumewe, na binti yao wa miaka tisa, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hazimiki. Huyo ndiye waliyemkabidhi siri. Mungu naye ana utani wake.

Bwana Ramani akatokea kwenye mlango wa mgahawa wa kituo, anatikisa kichwa.

"Hapa hatuli," akasema. "Nimeingia mpaka jikoni. Nzi wa humo ndani wana hati ya kiwanja."

"Basi niwachukulie hata mkate wa njiani," Mama Redio akasema, ameshafungua pochi.

"Mkate wa nini, shemeji? Hapo mbele kuna Wachina. Kona mbili tu. Leo nalipa mimi, halafu wewe ukajaze tumbo mkate? Utanitia aibu. Pandeni, pandeni."

Baba Redio akamtupia mkewe jicho. Lilikuwa jicho fupi, lakini lilisema yote: usije ukanivua nguo. Mama Redio akafunga pochi, akapanda gari. Baadaye, katika yote aliyofanya siku hiyo, hilo ndilo alilojilaumia zaidi. Kwamba alipanda.

⁂

Kona za Bwana Ramani zilikuwa mbili kweli, ila baina ya ya kwanza na ya pili walikuwa wanatengeneza daraja. Mwanamke mwenye kizibao cha kung'aa alisimama katikati ya lami na bendera nyekundu, uso wake mkavu kabisa, na magari yakapanga mstari mbele yake. Madereva wakazima injini. Mwenye gazeti akalifungua.

Mama Redio alikaa nyuma na mtoto, akiegemea mgongo wa kiti cha mumewe. Kutoka pale alichokiona ni shingo tu. Wako wanawake wanaowasoma waume zao machoni, wengine mfukoni. Yeye, katika miezi minane hiyo, alikuwa amejifunza kusoma shingo. Shingo kavu, mambo shwari.

Dakika kumi zikapita. Akaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta pakiti ya pipi, ile isiyobanduka mkobani hata akienda kuzika. Vidole vikakutana na karatasi. Karatasi tupu, nyingi, zimekunjwa vizuri na kurudishwa ndani. Akamgeukia binti.

"Pipi?" akauliza kwa midomo, bila sauti.

Redio akaangalia dirishani, kana kwamba daraja linamhusu.

"Wewe."

"Nilikula mbili," Redio akanong'ona.

"Zilikuwa kumi na mbili."

"Nilikula mbili mbili."

Mbele, Bwana Ramani alikuwa ameshapata uwanja wake. Msafara ukisimama, yeye ndipo anapoondoka kwa maneno. "Tenki si saruji, Dereva. Saruji ukianguka nayo, watu wanajenga ukuta. Mafuta ukianguka nayo, watu wanakusoma gazetini. Unajua kwa nini nimekuchagua wewe? Wako wenye vyeti kukuzidi. Nimekuchagua kwa sababu hulali. Miaka yote nakuvizia barabarani, sijakukuta hata siku moja umeegesha gari unakoroma."

"Nashukuru, bosi."

"Yule unayemrithi, unajua kilichomponza? Watu wanasema pombe. Uongo, na aliyeueneza namjua, ni yule fundi wa breki mwenye meno ya mbele tu. Kilichomponza ni wali. Alikula wali saa saba mchana, sahani mlima, saa nane akaingia kwenye shamba la mahindi la mtu na tenki zima. Wali ni blanketi la tumboni. Ndiyo maana mimi dereva wangu hali wali mchana. Hiyo hutaikuta imebandikwa ofisini. Hiyo ni yangu."

"Baba yeye hali mpaka mama apime," Redio akasema.

Kidole cha mama yake kilishafika kwenye paja, lakini maneno yalikuwa yametangulia. Bwana Ramani akageuka nusu, kiti kikalia.

"Apime nini?"

"Mazoea ya kazi," Mama Redio akasema. Sauti yake mwenyewe ilimtoka nyembamba. "Jikoni kwa shule kila kitu ni kipimo. Hata maji ya kuoga nawapimia."

Bwana Ramani akacheka mpaka tumbo likagusa usukani. Baba Redio naye akacheka, ila kicheko chake kilichelewa, kikaja pale mwenzake alipokuwa anamalizia. Na hapo mke akaiona: tone moja la jasho linatoka chini ya nywele, linateremka polepole katikati ya shingo, linazama kwenye kola. Dirisha lilikuwa wazi na upepo unaingia. Likafuata la pili.

"Bwana Ramani, huna hata biskuti humo?"

"Njaa imekushika, shemeji? Nina bazoka ya kutafuna tu. Haina sukari, daktari kanikataza sukari kwa ajili ya hili tumbo." Akampa moja. Yule mwanamke wa bendera akageuza upande wa kijani.

⁂

Mgahawa wa Wachina ulikuwa nyumba ndefu ya vioo kando ya barabara, taa za karatasi nyekundu zikining'inia ndani, na uwanja mpana wa kuegesha malori. Juu ya kaunta palikuwa na ubao wa picha zenye namba. Chini yake, nyuma ya kioo chenye ukungu wa mvuke, trei za chuma zilipangwa kama vitanda vya bweni. Mtindo wao ulikuwa rahisi: unachagua kwanza wali au tambi, kisha unachagua mboga mbili, unasogea, unalipa mwisho. Ulipaswa kuwa rahisi. Foleni ilikuwa na watu tisa, na kila mmoja alikuwa anaanza kufikiria akishafika mbele.

Mama Redio alizoea kusimama upande wa pili wa upawa. Akazipitishia trei jicho la mpishi, haraka, kama mtu anayesoma barua ya hospitali. Kabichi ya tangawizi, haina sukari. Nyama na pilipili hoho, haina kitu. Brokoli, maji tu. Wali wa mayai, huo ndio, lakini huchelewa kupandisha sukari. Na kule mwisho, kuku wa vipande ndani ya mchuzi mwekundu unaong'aa, umeganda pembeni mwa trei kama gundi. Mchuzi haugandi vile kwa chumvi.

Akamsogelea mumewe mgongoni. "Chukua wali na yule kuku mwekundu. Mchuzi wake ni sukari tupu."

"Najua."

"Unatetemeka."

"Kiyoyozi."

"Baba Redio, kiyoyozi chao kimekufa. Angalia, wameweka feni."

Mumewe aliukazia macho ubao wa picha kama mwanafunzi aliyesahau kusoma. Ikafika zamu yao. Msichana wa kaunta, kofia ya karatasi imemshukia mpaka kwenye nyusi, akainua upawa.

"Wali, tambi, au nusu kwa nusu?"

Baba Redio akafungua mdomo. Bwana Ramani akamtangulia.

"Huyu hapana. Huyu ni dereva. Mpe kabichi, mpe brokoli, na bakuli la supu ya mayai. Wali usimguse. Tambi usimguse."

"Bei ni ile ile lakini, hata bila wali."

"Bei si yake, ni yangu."

Watu wa nyuma wakacheka. Mmoja akasema dereva wa watu ananyimwa wali mchana kweupe, ni dhuluma. Baba Redio akachukua trei yake na kuishika kwa mikono miwili, kwa nguvu.

"Mwongezee yule kuku mwekundu," Mama Redio akasema.

"Yule wa watoto?" Bwana Ramani akamgeukia. "Shemeji, ule si mchuzi, ile ni jamu. Unataka kunilazia dereva kabla sijamtumia?"

"Basi mimi nipe. Wali, na kuku huyo huyo mara mbili."

"Mara mbili?" msichana akauliza.

"Mara mbili, mama. Na mchuzi usinionee huruma, mwaga."

Kwenye friji Bwana Ramani alitoa soda nne, zote zile za bila sukari, akazikumbatia. "Tumbo moja linatosha kwa kampuni nzima," akasema, na msichana wa kaunta akatabasamu kwa mara ya kwanza.

⁂

Walikaa kwenye meza ya dirishani, baba na mama upande mmoja, Bwana Ramani na Redio upande wa pili. Kabla hajashika uma, Bwana Ramani alitoa funguo za pikapu mfukoni, akaziweka mezani, pembeni ya bakuli la supu.

"Tukitoka hapa unaendesha wewe. Mbele kuna mteremko wa kilomita kumi na nane, nataka nikuone nao kabla sijakutilia sahihi. Usijali, ni kwa ajili ya karatasi tu. Mimi nilishakusaini moyoni."

"Sawa, bosi," Baba Redio akasema. Maneno mawili tu, lakini ulimi uliyakokota kama gunia.

Mke akasogeza sahani yake ya wali. "Nisaidie, hii yote siimalizi."

"Kula chakula chako."

"Kidogo tu. Vijiko vitatu."

"Nimesema kula."

Bwana Ramani alikuwa anafaidi. "Mke anayekupenda ndiye anayekuua, Dereva. Mama yangu alimpeleka baba kaburini kwa keki. Jumapili keki, Jumatano keki. Msiba ulipoisha tukala keki."

Redio hakucheka, naye hucheka hata akikemewa. Alikuwa anakiangalia kijiko cha baba yake. Kilitoka kwenye bakuli kimejaa supu, kikafika mdomoni kikiwa kitupu. Supu yote ilikuwa kwenye shati. Baba mwenyewe akameza kile kitupu, akarudi kuchota tena.

Mama Redio akachoma kipande cha kuku kwa uma, kikiwa kinadondosha mchuzi, akakipeleka usoni mwa mumewe mbele ya kila mtu. "Kula hiki. Baba Redio. Nakuomba."

Mkono wa mwanaume ukapiga uma. Kuku akaruka, akatua sakafuni karibu na viatu vya mtu mwingine.

"Mimi mtoto?" Hakupiga kelele. Ila mgahawa ulikuwa na ule ukimya wa watu wanaokula, na kila neno lilifika lilikotaka. "Unanilisha kama kilema mbele za watu? Umezoea kuamrisha jikoni kwako, unadhani na mimi mwanafunzi? Mwanamke gani wewe usiyejua kukaa mahali pako?"

Vijiko vikasimama. Mwenye viatu akamwangalia yule kuku, kisha akamwangalia Mama Redio, akajifanya anasoma chupa ya sosi ya soya.

Miaka kumi na miwili ya ndoa, hajawahi kuambiwa hivyo, hata chumbani. Alijua si mumewe anayesema. Nesi aliwaeleza: sukari ikishuka huchukua akili kwanza, huacha ubishi. Alijua. Lakini aibu haiulizi nani amesema. Ilimpanda kutoka miguuni, ikamjaa masikio.

"Dereva, taratibu," Bwana Ramani akasema, anaangalia sahani yake. "Hayo ni ya ndani, yaacheni ndani."

Mama Redio akajikaza kisabuni, akasimama. Akaenda kwenye kaunta ya kulipia kutafuta soda yenye sukari. Mbele yake palikuwa na watu wanne, na wa kwanza alikuwa anabishana kuhusu namba saba kwenye picha na namba saba kwenye sahani.

"Naomba soda moja tu," akasema kwa juu.

"Foleni, mama," akajibiwa.

Ni sekunde ngapi zile? Alipogeuka kuangalia meza yao, kiti cha mumewe kilikuwa wazi, na funguo hazipo. Baba Redio alikuwa anaelekea mlangoni, akitembea kwa uangalifu mno, kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa pomoni. Nyuma yake Bwana Ramani anajifuta mdomo, amefurahi. "Mmeona? Mtu ana haraka na kazi!"

Redio alikuwa amekuja mbio mpaka kwenye foleni, amemshika mama yake gauni. "Mama. Baba ameniambia twende. Lakini ameniita jina la shangazi."

Mama Redio akaiacha foleni. Akarudi mezani, akanyakua sahani yake na kijiko, akatoka navyo.

⁂

Injini ilikuwa inanguruma. Baba Redio yuko nyuma ya usukani, Bwana Ramani ndiyo kwanza anapandisha mguu mmoja mlango wa pili, anamtania kitu. Mama Redio akazunguka, akasimama mbele ya gari, sahani mkononi.

"Zima gari."

Kupitia kioo, mumewe alimwangalia. Alimwangalia vile mtu anavyoiangalia alama ya barabarani. Kisha pikapu ikaruka. Ilikuwa hatua moja tu, magodoro yakasukumana nyuma, bampa likamgusa magoti, injini ikakohoa na kuzimika. Mchuzi mwekundu ulimmwagikia kifuani. Hakusogea.

"We Dereva!" Bwana Ramani alikuwa amebaki ananing'inia mlangoni. "Shemeji, ondoka hapo! Kuna nini kwani?"

Kuna nini. Kulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu yenye maji ndani. Kulikuwa na miezi minane ya kufunga mlango wa chumbani na kuficha sindano ndani ya kopo la majani ya chai. Vyote vilisimama pale mbele yake, na yeye akavipita, akafika kwenye mlango wa dereva, akaufungua.

"Ana kisukari," akasema. "Cha sindano. Amejichoma kule kituo cha mafuta na mpaka sasa hajala kitu. Bwana Ramani, acha kunishangaa, zunguka huku umshike kichwa."

Na Bwana Ramani, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwamrisha kwenye gari lake, akazunguka, akamshika kichwa.

Mama Redio alimlisha kwa kijiko cha plastiki. Mchuzi tu, bila kuku. "Meza," anamwambia. "Hivyo. Tena. Meza." Kingine kilirudi kidevuni, akakikusanya, akakirudisha. Mumewe alijaribu kumsukuma, lakini mikono haikuwa na mwenyewe. Bwana Ramani alikishikilia kile kichwa kilicholowa jasho kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake, na kila mara anasema, "Pole. Pole, Dereva. Pole."

Mlango wa mgahawa ukafunguka, akatoka Redio na chupa ya soda, tena ile yenyewe, nyekundu, yenye sukari. Nyuma ya kioo wateja wote walikuwa wamesimama.

"Umeipataje?" mama yake akauliza.

"Nimewaambia wote baba ana kisukari na kimeshuka. Wakanipisha."

⁂

Yalianza kurudi macho. Kisha mdomo ukafunga. Kisha akajishika shati, akaiona supu, akaona mchuzi kwenye kidevu chake na kwenye gauni la mkewe, akamwona Bwana Ramani amechuchumaa kwenye kivuli cha gari, kofia mkononi. Hakuna aliyemharakisha.

"Umemwambia," Baba Redio akasema.

"Nimemwambia."

"Umetuvua nguo."

"Bora uchi kuliko sanda," mkewe akasema. Alikuwa anafuta kijiko kwenye gauni, anakifuta tena, na mkono wake ndio sasa ulikuwa unatetemeka.

Baba Redio akameza soda iliyobaki. "Kule ndani nilisema nini?"

"Hukusema kitu."

"Redio?"

Redio akamwangalia mama yake, akaangalia chini. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakutangaza. Baba yake akaelewa kwa ukimya huo zaidi ya ambavyo angeelezwa. Akaushika mkono wa mkewe wenye kijiko, akaubana, ukatulia.

Bwana Ramani akainuka, magoti yakalia. "Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Miezi minane. Na ule mteremko umeushuka mara ngapi?"

"Kila wiki."

"Na saruji mgongoni."

"Na saruji. Lakini nilikuwa nasimama, bosi. Saa yangu ikifika naegesha, nakula, napima damu, naondoka. Sijawahi kushuka hivi barabarani. Hata mara moja, uliza mtu yeyote."

"Sasa leo ilikuwaje? Leo mbona hukula?"

Baba Redio akafuta mchuzi kidevuni. Lori likapita, likatikisa turubai.

"Leo ulikuwepo wewe," akasema.

Bwana Ramani akaivaa kofia, akaivua. Alitembea mpaka nyuma ya gari, akaikaza kamba ya kabati ambayo haikuwa imelegea, akarudi. Macho yake yalikuwa mekundu, na hasira na huruma zilikuwa zinagombania uso wake, hakuna iliyoshinda.

"Wali nimekunyima mimi," akasema. "Hilo nalijua. Lakini tenki hupati. Hata ungenililia damu hapa."

"Najua."

"Lingelipuka, ningemwambia nini mtu?"

"Najua, bosi."

"Kuhusu saruji sijui. Kesho utaingia ofisini mwenyewe, utasema mwenyewe. Sitakusemea, na sitakufichia."

"Na nyumba?" Mama Redio akauliza.

Bwana Ramani akayaangalia magodoro. "Nyumba inafuata tenki, shemeji." Kisha, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, ndogo: "Leo mtashukia kwangu. Siku moja, mbili. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi." Akatoa simu, akasogea mbali kidogo, akaanza kuuliza huko ofisini ni dereva gani mwingine aliye karibu.

"Soda imekuamsha tu," Mama Redio akamwambia mumewe. "Nusu saa haifiki utarudi kule kule. Kaa hapa nikakuletee chakula."

"Hapana." Akatoa mguu mmoja nje ya gari, akaujaribu, akatoa wa pili. "Nakwenda mwenyewe."

"Kwa shati hilo?"

"Ninalo jingine?"

Akaingia kwenye mgahawa, yeye na supu yake kifuani. Mkewe na mtoto wakasimama mlangoni, si mbali. Wateja walimwona, wakageuza nyuso kwenye sahani zao, wengine kwa adabu na wengine kwa kuchungulia. Mtu mmoja alitaka kumpisha mbele. Akakataa kwa mkono, akasimama mwisho wa foleni, mikono nyuma, akasogea walivyosogea. Ilimchukua muda. Mama Redio aliihesabu kila hatua.

"Wali, tambi, au nusu kwa nusu?" msichana akauliza, bila kuinua kofia.

"Mimi nina kisukari," Baba Redio akasema. Alisema kwa sauti ya kutosha, ikamfikia mkewe mlangoni, ikamfikia na yule mwenye chupa ya soya. "Najichoma sindano. Nipe wali, nusu ya unaowapa wengine. Na ile nyama ya pilipili hoho."

Akangoja. Alikuwa amesimama wima kabisa, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Msichana akachota wali, akaupunguza kwa ncha ya upawa, akaupunguza tena, akaweka nyama juu yake.

"Mboga ya pili?" akauliza. "Sema haraka, baba, nyuma kuna watu."